Kurasa Nilizobandika kwa Uji wa Muhogo

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Gisenyi, na ninyi mliotoka Nyakiriba kwa miguu asubuhi hii. Asifiwe tena, maana huyu anayesimama mbele yenu alistahili kunyamazishwa zamani.

Wazee wameniomba niwaambie Mkristo asome vitabu gani ili imani yake ikue. Wamenichagua mimi kwa sababu ndiye ninayetunza sanduku la vitabu la kanisa. Vizuri. Kile cha sala za asubuhi na jioni, chukueni; kitawazoeza kusema na Mungu kabla ya kuanza kuwasema majirani. Kile cha maswali na majibu, someni mume na mke pamoja, na msidanganyane kwenye majibu. Kipo cha maisha ya Wakristo wa kale walioteswa, hicho kinawafaa ninyi mnaokosa ibada kwa manyunyu ya mvua. Lakini cha nne, kile kidogo chenye jalada la kijani, siwezi kukisifu kabla hamjajua nilikifanyia nini.

Mnanijua. Mimi ni Zakaria, fundi cherehani, mashine yangu iko karibu na soko. Jumapili nilikuwa msomaji wenu. Wengi hapa hamkujua kusoma, na mimi niliwasomea mpaka kina mama wakatoa machozi. Mtu wa kitabu, ndivyo mlivyoniita, nami kichwa kilivimba, niseme nini tena. Kanisa zima lilinisikiliza, na hakuna aliyejua moyo wangu una nini ndani.

Sasa sikieni uchafu wangu, na ninyi mliousikia siku ile, usikieni tena pamoja na wageni wa Nyakiriba. Kwetu ni Bugeshi, kule juu kwenye baridi. Baba alipofariki alituachia ng'ombe wawili, mmoja wangu na mmoja wa mdogo wangu Simeoni, na walilala zizi moja. Siku moja nilipanda kumtembelea Simeoni na familia yake. Jioni niliingia zizini kumtazama ng'ombe wangu, maana alikuwa na mimba, na nilipotoka sikurudisha miti ya mlango. Nilisahau tu. Asubuhi nikamkuta amesimama katikati ya kitalu cha pareto cha chifu wetu, miche yote imelala chini. Nikamtoa mbio, nikamrudisha zizini, nikatengeneza mlango vizuri kabisa.

Watu wa chifu walifuata nyayo za kwato mpaka kwetu. Tukapelekwa mbele yake, mimi na Simeoni. Chifu akauliza ni ng'ombe wa nani. Ndugu zangu, mdomo huu huu ukasema ni wa Simeoni, na kwamba Simeoni ndiye aliyeacha mlango wazi.

Simeoni alikataa. Aliapa. Chifu akanitazama mimi, akauliza, "We si ndiye musomaji wa kanisa kule Gisenyi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi, maneno imeisha. Mutu wa kanisa hawezi kusema uongo." Mdogo wangu akalazwa chini, akachapwa kiboko mbele ya mke wake na watoto wake watatu. Ng'ombe wake akachukuliwa. Tangu siku ile watoto wale wakaitwa watoto wa mwongo, kisimani, malishoni, kila mahali. Na mimi Jumapili iliyofuata nilisimama hapa nikasoma, wala sauti haikutetemeka.

Miezi ikapita. Misheni ikatuletea vitabu vipya, na kimojawapo ni kile cha kijani. Nilikifungua kwenye cherehani, nikaanza kukipitia kabla sijawasomea. Katikati nikakuta kurasa mbili zinazosema habari ya mtu aliyemwachia mwenzake adhabu yake. Mwandishi hakuzungukazunguka. Aliuliza: uliyemsingizia anaitwa nani? Leo analala wapi? Mbona wewe umekaa hapa unasoma?

 Nilitaka kukichoma, lakini wazee walikuwa wameshahesabu vitabu. Sasa, mnajua sisi mafundi tunapika uji mzito wa muhogo wa kukazia kola za mashati. Bakuli lilikuwa hapo mezani. Nikapaka zile kurasa, nikazibana pamoja, nikapitisha pasi ya makaa juu yake. Zikawa ukurasa mmoja mnene. Nilifanya kazi safi, ndugu zangu, safi kuliko kola ya padri.

Nikawasomea kitabu chote, wiki baada ya wiki, nikiruka pale. Mnajua desturi yetu hapa: kusoma kukiisha, anayeongoza ndiye wa kwanza kusema ukurasa ule umemgusa wapi. Kila Jumapili nilisema maneno matamu. Ninyi mkaitikia amina.

Kisha habari ikashuka kutoka Bugeshi kwamba Simeoni amejiandikisha kwa Wabelgiji, yeye na familia yake, kuhamia Kongo kwenye ardhi mpya ya Masisi. Kamio, yaani lori la Wabelgiji, ingewachukua mpakani Jumanne. Walioniletea habari walisema anahama kwa ajili ya watoto, apate mahali ambapo watu hawajui wanavyoitwa. Nikajiambia, afadhali aende, jambo litakwisha.  Lakini siku ile nilishona mkono wa koti kwenye shingo.

Jumamosi mchana akaja Mama Esteri. Mnamwona pale, muuza samaki wetu, mjane, ambaye nilikuwa nimemfundisha herufi mwenyewe. Alikuwa ameazima kile kitabu kujizoeza, na wazee walikuwa wamempa asome kesho yake mahali pangu, ukurasa autakao, mimi nikiongoza tu. Akakiweka juu ya mashine yangu akicheka.

"Yewe mwalimu, kitabu yako iko na siri. Ukurasa moja ilikuwa munene sana. Niliona ni mbili zimeshikana, basi donc nikashikilia juu ya mvuke ya maharagwe, zikaachana polepole. Kesho nitasoma hii, hakuna mutu ameisikia bado."

Nikamwambia zile kurasa zilikosewa kiwandani, asizisome. Akasema, "Basi nitasoma makosa, na we utanisahihisha." Nikamwomba anirudishie kitabu. Akakikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Alisema amengoja maisha yake yote kusoma mbele ya watu, na hatanipa. Hakujua lolote, mama wa watu. Ningeweza kumnyang'anya. Nawaambia ukweli, mkono wangu ulishanyooka.

Jumapili ikafika. Alisimama hapa, mnakumbuka. Alisoma silabi moja moja, kidole kikitembea chini ya maneno, na kanisa zima lilikuwa linamsukuma kimoyomoyo. Mimi niliketi pembeni yake nikijua kila neno linalokuja. Nilimwomba Mungu mvua inyeshe kwenye mabati asisikike. Nilimwomba Mungu anifiche na Neno lake, fikirini wazimu huo. Akafika kwenye lile swali, "u-li-ye-m-si", akakwama. Akarudia. Akakwama tena. Akanigeukia.

"Mwalimu, nisaidie hapa."

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Uliyemsingizia." Akasema asante, akaendelea. "U-li-ye-m-si-ngi-zi-a a-na-i-twa na-ni?" Kisha akamaliza, akakaa, akapangusa uso kwa furaha. Ikawa zamu yangu kusema ukurasa umenigusa wapi.

Ndugu zangu, nilikuwa na maneno matamu tayari. Yalikuwa kwenye ulimi. Nikafungua mdomo, yakakataa kutoka. Likatoka jina moja tu: Simeoni. Nikalisema tena. Halafu nikasema yote, ng'ombe, mlango, chifu, uji wa muhogo, yote, huku kamasi zinanitoka mbele ya wateja wangu. Mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kunifariji. Mama Esteri akamkatiza. "Musimuimbie sasa. Jumanne iko karibu. Aende!"

Nikaenda. Nilipanda Bugeshi mchana ule ule bila kula. Nilimkuta Simeoni anafunga mizigo kwa kamba, vyungu, majembe, mkeka. Nikapiga magoti uani, nikamwambia. Hakushangaa. Aliendelea kukaza kamba.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona ile asubuhi ukirudisha miti ya mulango."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Nani alisikia? We ulikuwa mutu wa kitabu."

Neno lile liliniuma kuliko kiboko chochote.   Akafunga fundo la mwisho, akasema hataki machozi yangu, anataka jambo moja: kesho twende kwa chifu, na watoto wake wote watatu waje wasikie.

Jumatatu tukaenda. Watoto walisimama mbele, wameoshwa nyuso, mkubwa amemshika mdogo mkono. Nikasema mbele ya chifu na mbele ya watu walewale kwamba Simeoni alisema kweli na mimi nilisema uongo. Niliogopa sana, sitawaficha. Nililazwa chini, nikachapwa. Ng'ombe wangu na ndama wake wakapewa Simeoni, naye akawaacha kwa baba mkwe wake, maana kamio haibebi ng'ombe. Na katikati ya maumivu yale, ndugu zangu, nilipumua. Miezi yote ile nilikuwa sijapumua hivyo. Yesu aliniondolea mzigo ambao kwa sauti yangu nzuri nilikuwa nimeufunika tu.

Sitawadanganya kwamba Simeoni alinikumbatia. Alinipa mkono. Tangu siku ya kiboko hakuwa amenipa mkono. Jumanne niliwasindikiza mpaka mpakani. Walipopanda kwenye kamio, mtoto wake mkubwa aliulizwa na karani jina la baba yake. Alilitamka kwa sauti, akiwa ameinua kichwa, watu wote wa kamio wakasikia.

Mungu wa rehema, nakushukuru. Ulinifukuzia kwa mvuke wa maharagwe, ulinikamata kwa kidole cha mjane. Hiki kitabu cha kijani nakisifu, ndugu zangu, kisomeni, na mahali kinapokuuma usifunge, soma pale mara mbili. Mwaminini Yesu, hajamtupa mwongo aliyekuja kwake, mimi ni shahidi. Na wewe ambaye jina la mtu limekujia moyoni nilipokuwa nikisema, ikiwa bado yuko upande huu wa mpaka, usingoje ibada iishe. Mlango ule pale. Toka sasa, sisi tutakuombea ukiwa njiani.