Mwandiko wa Noelene

Kwenye treni ya Geelong, kule Australia, mzee mmoja alikaa mbele yangu amepakata taa ya gari iliyovunjika kioo. Mama aliyekaa pembeni yake aliitazama weee, mwisho uvumilivu ukamshinda. "Mzee wangu, hiyo taa unaipeleka wapi?"

"Kwa watu wa bima. Ni ya gari langu, Holden ya mwaka sitini na nne. Lori lilinigonga nimesimama kwenye taa nyekundu."

"Basi si watalipa?"

"Wamekataa. Magari ya zamani kama langu yana kitabu. Kila siku unayolitoa, unaandika tarehe kabla hujawasha; usipoandika, siku hiyo halina ruhusa barabarani wala bima. Siku ile sikuandika."

"Heh! Mtu mzima na mvi zako, kuandika tarehe tu kumekushinda?" Hata mimi niliwaza hivyohivyo, ila mimi nilikuwa na adabu ya kunyamaza.

Mzee hakukasirika. Alitoa kitabu mfukoni akakifungua. Kurasa zote zilijaa mwandiko mmoja wa mviringo, wa wino wa buluu. "Huyu ni Noelene, mke wangu. Miaka kumi na tisa mimi nawasha, yeye anaandika. Siku ile nilikuwa natoka kumzika."

Mama alishusha sauti. "Waambie hivyohivyo, baba. Wataelewa."

"Nimewaambia. Sasa wanataka niwaachie kitabu, wakakichunguze."

"Si uwape tu?"

Treni ilisimama. Mzee alikirudisha kitabu mfukoni, akafunga kifungo, akashuka. Taa aliiacha kitini.