Msituondolee Pijo, Ondoeni Paipu za Friji

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Magari wa mkoa wetu. Wazee wa baraza la kijiji. Mama zetu mlioacha kuchuma zeituni ili mtusikilize:

KARIBU

Azul! Sisi mafundi na madereva wa Tizi n Waman tunakukaribisha mlimani kwetu. Kuskusi iko motoni. Hutateremka na njaa.

TULIKOTOKA

Pikapu hizi za Pijo tumeachiwa na babu zetu, nazo ndizo zinazoshusha zeituni kinuni na wagonjwa hospitali. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula paipu za breki. Kwa miaka mingi tulizibadilisha kwa paipu za shaba za friji, maana hupindika kwa mkono na hazishiki kutu. Fundi wetu, Dada Taous, alikataa katakata. Dereva Akli akamjibu mbele yetu:

"We Taous, shaba haiozi! Mama anapikia sufuria la shaba tangu aolewe."

"Haya, kafunge breki kwa sufuria la mama'ko!"

Tulicheka sana. Msimu uliopita wa zeituni paipu ya friji kwenye gari lake ilipasuka mteremkoni, kwenye kona ya zawia, pale penye nyumba ya ibada ya masufi. Pedali ilizama hadi sakafuni, na Akli hakurudi. Inatuuma hadi leo.

TULICHOFANYA

Majuto ni mjukuu, lakini sisi hatukukaa kumlea. Tumeng'oa kila paipu ya friji kijijini. Sasa tunafunga za chuma kilichofunikwa plastiki, na panapopigwa sana na chumvi tunafunga za shaba iliyochanganywa na nikeli, zilizotengenezwa kwa ajili ya breki. Nazo hupindika vizuri na haziliwi na kutu, ila hizi zinahimili presha. Midomo yake tunaikunja mara mbili, na hatuungi kiraka katikati. Kazi hii tunaijua, Bwana Mkurugenzi, tunasema kifua mbele.

KINACHOTUKWAZA

Ni amri yako kwamba Pijo zote kuukuu zitoke barabarani mwezi huu. Zikitoka, zeituni zitaozea chini ya miti na vijana wetu watahamia Algiers.

MAOMBI

Tunaomba gari lihukumiwe kwa paipu zake, si kwa umri wake. Ingia uvunguni, shika, kagua. Utakalolikuta na paipu ya friji lichukue, hatutalililia.

Kwetu, aliyefunga breki hupanda na mwenye gari mteremko wa kwanza. Leo ni zamu ya Pijo ya Akli, tuliyoifufua. Anaiendesha mjane wake, Bi Ouerdia. Jana alituambia, "Kama mnaogopa kupanda, msinifungie."

Taous atakaa mbele naye, sisi wengine wote tutajaa nyuma. Wewe simama hapa juu ututazame tukikata kona ya zawia, ndipo uamue.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani salama, na breki zako zishike.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi na Madereva wa Tizi n Waman