Fundi Nane na Boliti Saba Zilizopishana

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye sufuria motoni apunguze moto, mwenye redio ndogo aongeze sauti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa magari yenu kabla hamjamjua kwa sura. Tunamkumbuka Fundi Nane, fundi wa difu, aliyefariki Jumanne asubuhi akiwa na miaka sitini na tisa.

Fundi wa difu. Tulishike hilo kwanza. Injini aliwaachia wengine. "Injini ni kazi ya watu wa makelele," alipenda kusema. "Mimi kazi yangu iko nyuma, chini, kwenye mafuta yanayonuka." Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kulala chini ya gari, difu ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndilo linaloyagawia magurudumu nguvu ya injini.

Na difu la kawaida, kwa maneno ya marehemu, ni vivu. Linapeleka nguvu kule kwepesi. Gurudumu moja likizama kwenye tope, hilo hilo linapewa nguvu zote, linazunguka kama feni, na mwenzake aliyekanyaga pakavu amesimama tu anatazama. Dawa yake ilikuwa difu la kubana. Ndani yake mna visahani vya chuma vinavyokandamizana, gurudumu moja likitaka kukimbia ovyo, linashikwa na mwenzake. Gari linakamata ardhi. Linatoka topeni, linatoka konani bila kupoteza nguvu.

Dereva mmoja wa maziwa alikuwa akikwama kila mvua ikinyesha. Fundi alimwekea difu la kubana kwenye pikapu yake. Siku ya tatu jamaa alirudi akicheka hadi machozi.

"Fundi, umenipaka gundi kwenye matairi? Nimepanda kilima cha machimbo na mvua yake, sikuteleza hata shubiri moja!"

"Na kwenye kona?" fundi akauliza.

"Kona? Kona ziko sawa."

"Haya, nenda kapeleke maziwa. Mimi nilikuwa naogopa kona."

Aliogopa kona kwa sababu. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Lazima yaachiwe yapishane kidogo. Ukiyabana kupita kiasi, yanatembea kama yamefungwa kamba, na gari linagoma kugeuka. Wewe unakata usukani, lenyewe linakwenda mbele. "Kubana si kufunga," alikuwa akiwaambia wateja mpaka wanamsaidia kumalizia.

Ndiyo maana hakukisia. Alipandisha gurudumu moja kwa jeki, jingine likibaki chini, gia ikiwa huru, kisha akalizungusha lile la juu kwa spana yenye mshale wa kupimia. Namba aliyoipata, yaani kiasi difu linavyobana, aliiandika kwa chaki. Halafu akaendesha gari polepole uwanjani, akichora nane, mara ishirini, ili visahani vizoeane. Akamwaga mafuta kwenye sahani nyeupe, akayatazama, akaweka mapya. Watoto wa jirani walipoona zile nane kwenye vumbi, wakampa jina. Mwisho kabisa alichukua brashi nyembamba na rangi ya njano, akachora mstari juu ya kila boliti ya mfuniko wa difu, kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye mfuniko wenyewe. Boliti kumi, mistari kumi. "Mstari ukipishana," alisema, "nitajua kuna mkono umepita."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwa mdogo wake.

Marehemu alikuwa na mdogo mmoja, tumbo moja, amempita miaka kumi na miwili. Baba yao alipofariki, fundi ndiye aliyemlea. Alimfundisha kuendesha gari akiwa amemkalisha juu ya mto ili aone barabara. Yule mtoto wa juu ya mto akawa dereva wa mbio za kupanda mlima. Alikuwa na moyo, lakini gari lake lilikuwa linamwangusha. Kila akitoka konani, gurudumu la ndani linatoa moshi na muda unapotea.

Fundi akamjengea difu la kubana. Wiki tatu hakugusa gari la mtu mwingine. Walipolijaribu, mlima ule ule aliokuwa akiupanda kwa dakika mbili na sekunde hamsini na moja, akaupanda kwa dakika mbili na arobaini na sita. Sekunde tano! Mdogo mtu alimbeba kaka yake mzobemzobe. Kisha akaanza.

"Kaka, kaza zaidi. Nikikanyaga, nataka yote mawili yang'ate."

"Yaking'ata yote mawili hutageuka, bwana mdogo."

"Unaniogopea?"

"Nakuogopea, na ile kona ya nne naiogopa pia. Namba inabaki hapo hapo."

Wakacheka. Akachora mistari yake kumi ya njano, akamkabidhi funguo. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Gari likakaa nyumbani kwa mdogo wake siku mbili.

Jumamosi mvua ilinyesha. Kwenye kona ya nne gari lilikataa kugeuka. Lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mawe. Fundi alikuwa juu, kwenye mstari wa kumalizia. Alikimbia kilomita mbili kushuka, ndala moja ikabaki njiani. Alipofika, mdogo wake alikuwa kwenye machela, nyonga imevunjika, watu wa magazeti wamemzunguka. Naye alikuwa akisema, kwa sauti ya kusikika:

"Ni difu. Difu la kaka limenikaba."

Fundi alimshika mkono, akatembea kando ya machela. "Nisamehe, mdogo wangu," akamwambia.

"Usijali, kaka. Nimekusamehe."

Tunarudia, wasikilizaji, ili tusipotezane. Aliyeomba msamaha ni fundi. Aliyesamehe ni mdogo wake.

Jumatatu gari liliburutwa hadi gereji. Fundi alipangusa tope kwenye mfuniko, apate kutafuta kosa lake. Boliti tatu mistari yake ilikuwa imenyooka. Boliti saba ilikuwa imepishana. Kabla hajafungua, alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akachora mstari mpya juu ya kila boliti, ili baadaye azirudishe kama alivyozikuta. Ndani, nyuma ya visahani, alikuta vipande viwili vyembamba vya chuma ambavyo hakuviweka yeye. Alipopima, namba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile yake.

"Nilimkuta amekaa juu ya kopo la mafuta," anasema mkewe. "Akaniambia, 'Mke wangu, bwana mdogo alifungua.' Nikamwambia inuka, twende tukaseme. Akasema, 'Hapana. Atasema mwenyewe akipona.'"

Akavirudisha vile vipande, akafunga boliti kwenye mistari ile ile nyeupe, akalipandisha difu juu ya meza ya kazi. Akasubiri.

Mdogo wake alipona. Hakusema.

Wateja wakaanza kupungua, mmoja mmoja, kwa adabu. Hata yule wa maziwa alikuja, anatazama chini. "Fundi, mimi nakuamini. Ila mama watoto ndiye anaogopa. Nirudishie lile la zamani." Fundi akalala chini ya pikapu, akalitoa difu zuri kwa mikono yake mwenyewe, akamrudishia lile vivu. Alimwambia tu, "Mvua ikinyesha, usipite machimbo."

Na mdogo wake? Huyo alikuwa hodari wa kusimulia. Kila penye watu, ajali ile ilisimuliwa upya. Siku moja, kwenye chakula cha familia, alikuwa akionyesha kona ya nne kwa vijiko na kikombe, meza nzima imenyamaza. Fundi, aliyekaa kimya miaka sita, akauliza taratibu:

"Boliti ulizifunga kwa spana namba ngapi?"

Kijiko kikasimama. Kisha mdogo mtu akatabasamu, akawageukia watu. "Kaka bado anaumia. Jamani, mimi nilishamsamehe zamani."

Wakampigia makofi.

Fundi alinawa mikono, akarudi nyumbani kwa miguu. Hawakukaa tena chumba kimoja. Ikapita miaka kumi na mitatu, mpaka Jumanne hii.

Jana mdogo wake alipiga simu hapa kituoni. Alitutumia maneno ya kusoma hewani: kwamba kaka alimkosea, lakini kaka alikufa akijua amesamehewa. Tukamuuliza, "Kabla hatujasoma, mfuniko ule ulifunguliwa na nani?" Akasema, "Wewe soma nilichoandika."

Tukaenda kumuuliza mjane. Alitupeleka gereji. Uwanjani nane bado zinaonekana, za tairi nyembamba. Miaka ya mwisho marehemu alikuwa akizunguka kwa baiskeli. Lile difu liko juu ya meza. "Someni mnachotaka," mama akatuambia. "Lakini hesabuni kwanza." Tukahesabu. Mistari ya njano, mitatu imenyooka, saba imepishana.

"Alikufa akiwa amemsamehe mdogo wake?" tukamuuliza.

"Hakumsamehe," akasema. "Hakuombwa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane wa marehemu, na majirani waliozoea mngurumo wa gereji ile. Nawe msikilizaji, kama kuna kitu cha mwenzio ulikifungua ukakifunga kimya kimya, na lawama ukamwachia yeye, usilale nacho leo. Mtafute angali anaitika.

Na kwako, mdogo wa marehemu, pole kwa msiba. Maneno yako tumeyapokea. Hatukuyasoma. Gereji iko wazi hadi Ijumaa saa kumi jioni. Shemeji yako amesema hatagusa mfuniko ule, wala hatapangusa vumbi lake. Nenda ukahesabu, kisha utuandikie upya.