Safu Mbili za Nicodemus Nkunzimana (1968–2025)

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, marehemu Nicodemus Nkunzimana alikunja karatasi tupu katikati, akaikunjua, akapitisha ukucha kwenye mkunjo. Hapo ndipo safu mbili za maandishi zingeachana.

Alizaliwa Kitahana, Kibondo, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne wa Mzee Nduwayezu. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, kisha akajifunza kupiga chapa Kigoma mjini. Mwaka 2001 alifungua steshenari yake Kasulu, na programu nyingi za mazishi zilizosomwa huku kwetu alizipanga yeye.

Mwaka 2013 alikosea. Katika programu ya msiba wa Munanila, majina ya wafiwa yalizidi urefu wa safu, na kompyuta ikayaficha matano ya mwisho. Mama mmoja alijitafuta pale makaburini asijione. Marehemu alipanda pikipiki kumpelekea nakala mpya.

"Mama, kosa ni langu, si la ndugu zako."

"Aliyekufa ana jina," mama akamjibu. "Mimi mzima sina."

Tangu hapo alihesabu majina kwa kidole kabla ya kuchapa.

Ujanani, akiwa Mabamba, alizaa na Bi. Ininahazwe watoto wawili, Safina na Nduwayezu, aliyepewa jina la babu yake. Hawakuwahi kukaribishwa nyumbani. Mwaka 1998 alifunga ndoa na Immakulata, wakajaliwa Valeria na William.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Kila alipotoka hospitali alirudi amepungua. Aliposhindwa kukaa, Valeria alimletea kompyuta kitandani, wakaipanga pamoja programu hii ya mazishi yake. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Juzi baba mdogo Bazilio aliishika nakala ya kwanza, akamwambia Valeria:

"Binti, ukurasa umejaa. Hao wa Mabamba tutawataja kwa mdomo."

"Mdomo wa nani, shemeji? Wako?" mama Immakulata akamuuliza.

Bazilio akairudisha nakala mezani. Valeria akarudi kuchapa.

Marehemu ameacha mjane, mdogo wake Bazilio, na watoto wanne: Safina, Nduwayezu, Valeria na William. Mungu amlaze pasipo na maumivu.

Siku mbili kabla hajafariki, Valeria alimuuliza jambo moja tu: "Baba, wa Mabamba niwaweke wapi?"

"Safu ya kulia. Herufi ziwe sawa na zenu."