Emong Anachora Mwito

Benchi yetu iko Malaba, upande wa Kenya, nyuma ya foleni ya matrela, pale Mama Roselida anapouza kahawa na mandazi. Mimi wananiita Spika, kwa sababu bila mimi hawa watu wangeongea wote kwa pamoja mpaka jioni. Siku hiyo walinishinda. Zephaniah, tunayemwita Kastam kwa vile lazima akague kila kitu, hata andazi la mwenzake, alikuwa amesimama. Quinton, fundi wa matrela, jina la kijiweni Injini, alikuwa amesimama juu ya benchi kabisa. Katikati yao alikuwa Emong, mwalimu wa kwaya ya parokia, laptop mapajani, anatoka jasho na jua bado halijachoma.

— Order! nikasema. Emong, eleza shida yako. Wewe peke yako!

— Spika, ule wimbo wa nyanya yangu umechaguliwa! Jubilei ya dayosisi! Parokia zote zitauimba pamoja uwanjani, mpaka watu wa Butula, mpaka Rukala huko. Na leo saa sita lazima niwe nimetuma noti.

— Si utume! Kastam akasema.

— Natumaje? Pale katikati kuna mwito. Nyanya alikuwa anasimama kwa shamba, pale chini karibu na mto, anaita mtu wa ng'ambo. Sauti inapanda, inatetemeka, halafu inashuka pole pole. Mwaka jana niliandika kwa noti za kawaida nikapatia kwaya fulani. Wakaimba ni kama wanapanda ngazi na viatu vya mbao. Watu wakacheka, boss. Wakacheka wimbo wa nyanya yangu nikiwa nimekaa pale pale.

Hapo hata Injini hakucheka. Sisi tunamjua Emong. Aibu hiyo ilimuuma mpaka akaacha kwaya kwa muda.

— Lakini nimegundua kitu! Emong akatugeuzia laptop. Hii programu ya kuandika muziki iko na mistari yake. Ya kunyooka, ya mawimbi, ya mshale. Yote haifai. Lakini kuna mahali unachora mstari wako mwenyewe! Unaweka nukta hapa, unavuta, unapinda vile unataka, unahifadhi, inakuwa alama kama zile zingine. Sasa niambieni, mwito uko na umbo gani?

Mungu wangu. Kuuliza benchi yetu swali kama hilo ni kumwaga mahindi mbele ya kuku.

— Trela! Injini akaruka chini. Trela la simiti kwa kilima. Gia ya kwanza linapanda, linatetemeka hapo juu, halafu linateremka na breki. Chora hiyo!

Emong akaweka nukta, akavuta. Sote tukainama.

— Hiyo ni bampu, Kastam akaikataa.

— Chora nyoka, nikasema. Nyoka amekanyagwa mkia.

— Nyoka kwa wimbo wa kanisa? Kastam akaniuliza. Spika, wewe umeokoka kweli?

— Ngoja, ngoja, ngoja! Injini alikuwa amerudi juu ya benchi, simu mkononi, amefungua ramani. Nyanya alikuwa anaita ng'ambo ya mto, sindio? Basi chora mto wenyewe! Mto Malaba na kona zake zote!

Manze, benchi ililipuka. Hata mimi nilipiga makofi, na mimi si mtu wa kumpigia Injini makofi. Emong akaweka simu kando ya kioo cha laptop, akaufuata mto kona kwa kona.

— Soprano waimbe ukingo wa Kenya! Kastam akapaza sauti. Besi ukingo wa Uganda!

— Na alto?

— Alto wako kwa daraja!

— Basi wabebe vitambulisho, Mama Roselida akasema, na wewe Kastam utoe kiwiko kwa mandazi yangu.

— Bonyeza tusikie!

Emong akabonyeza. Kompyuta ikapiga noti za kwanza vizuri kabisa, ikafika kwa mto, ikanyamaza kimya, halafu ikaendelea mbele na noti zilizobaki.

— Imezama! Injini akapiga kelele.

— Haisomi michoro, Emong akasema. Mchoro ni wa macho ya mtu. Mtu ndiye anaimba.

Akaufuta mto. Akachora mwenyewe bila kutuuliza, huku anaimba chini chini: mstari ukapanda, ukaingia mitetemo midogo, ukashuka mrefu. Ulikuwa mzuri, nasema ukweli.

— Sasa nataka mtu hajawahi kusikia huu wimbo. Akiweza kuufuata, natuma.

Wakati huo huo mama mmoja alikuwa ameketi pembeni, begi la safari miguuni, anasubiri kahawa. Alikuwa anaitwa Aguti, ametoka Tororo, anaenda harusi Butula. Tukamvamia wote watatu.

— Mama, karibu sana! Tusaidie, fuata huu mstari kwa sauti. Neno ni hilo hapo chini, "Oooi".

Aguti akaufuata kwanza kwa kidole, juu mpaka chini.

— Nimeona. Lakini namwita nani?

— Wewe imba tu, mama, Kastam akasema. Tunataka sauti.

— Nitaitaje bila mtu? Huyo nyanya alikuwa anaita nani?

Tukamwangalia Emong.

— Sijui, akasema. Alikuwa anataja jina. Nilikuwa mdogo, nikashika sauti, jina sikushika. Na wale ambao wangejua, wote tumezika.

Nilimwonea huruma. Mama Roselida aliacha kumimina.

— Basi mimi nitaita wangu, Aguti akasema. Akasimama, mkono kando ya mdomo, macho kwa mstari.

— Akiteeeeeng!

Jamani! Ilipanda vile ilichorwa, ikatetemeka pale pale, ikashuka mpaka mwisho wa mstari. Madereva wakachungulia kutoka kwa matrela.

— Akiteng ni nani? nikauliza.

— Dada yangu. Ndiye anaolewa!

Emong alikuwa ashafuta ile "Oooi". Chini ya alama yake akaandika: "Kila mtu aite mtu wake."

— Uwanja mzima! Injini akashangilia. Kila mtu na jina lake, kwa wakati mmoja!

— Itakuwa fujo, Kastam akasema.

— Wacha iwe! Emong akasema, na akatuma.

Tulipiga makofi, tukagonga benchi, Aguti akapiga vigelegele. Kastam akasema yeye ataita mama watoto, labda siku hiyo ataitika. Tulicheka mpaka machozi. Injini peke yake alikuwa ameketi, simu imezima mkononi.

— Emong, akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Na kama mtu wako hawezi kuitika tena?

Emong akaangalia laptop. Mimi nikamsogezea Injini kahawa yangu.

— Wewe mwite tu, Mama Roselida akamwambia.