Simpi Mwanangu Chumba cha Kompyuta

Fungeni huo mlango, na wewe kifungua mimba wangu weka simu mfukoni, maana leo nasema mimi, na pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia mambo. Sikilizeni wanangu, nawe mke wa mwanangu sogea hapa karibu, usijifiche nyuma ya mumeo kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Daktari alipowanong'oneza kule koridoni alidhani sisikii. Miguu ndiyo iliyokufa, masikio yangu yapo.

Nyumba hii ni ya kitinda mimba wangu, binti aliyenigeuza kitandani na kunifulia mashuka wakati wengine mnapiga simu kuuliza "mama anaendeleaje" huku mnasikika mnatafuna. Asije mtu hapa na habari za "mimi ndiye mkubwa." Na cherehani yangu ni yake pia, akitaka auze, akitaka ashonee.

Sasa tuje kwenye lililowaleta, kwani najua hamkuja kwa ajili ya mashuka. Mkuu wa shule ameniomba nimtaje atakayeshika kitengo cha kompyuta baada yangu, na wewe kifungua mimba wangu umeshatangaza mtaa mzima kwamba nafasi ni yako, eti damu nzito kuliko maji. Simpi mtu chumba kile kwa damu.

Mnaijua kazi yangu kwa mshahara, hamuijui kwa uchungu. Niliingia shule ile nikiwa mpiga chapa wa mitihani, na kompyuta za kwanza zilipoletwa, mkuu wa wakati ule alizifungia stoo, akazivika vitambaa alivyofuma mkewe, akasema zisiguswe, watoto watazimaliza. Zikaozea humo zikiwa mpya, panya wakatafuna nyaya. Nilipompinga mbele ya walimu aliniita mwanamke mwenye mdomo, akahamishia meza yangu kando ya choo. Bado yu hai mzee yule, na mwenye kovu usidhani kapoa: siku ya kunizika asipewe kipaza sauti. Akitaka kulia, alie kavukavu kama watu wengine.

Alipoondoka nikaifungua stoo, na nikaweka sharti moja tu, kwamba anayewafundisha walimu kompyuta afunge mikono yake nyuma. Mwalimu akikosea, aachwe akosee. Akifuta kazi yake yote, alie, apanguse machozi, aanze upya. Wewe unamwelekeza kwa mdomo, kipanya cha kompyuta yake hukigusi. Mwalimu wa historia alinichukia muhula mzima, mtu mzima yule, akikibonyeza kipanya kama anaua kunguni, na leo ndiye anayewapangia wenzake ratiba. Wakanibandika jina, Mama Mikono Nyuma, nami nikalipokea. Nilijua kazi yangu inakua kila nilipoona watu wamepunguza kuniita.

Nikakuingiza wewe uwe msaidizi wangu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwalimu akiuliza jambo, unamsukuma kando, vidole vinakimbia, "tayari, mwalimu," naye anaondoka akikusifu na hajui alichofanyiwa. Ukanogewa kuitwa. Nilipolala kitandani hapa ukabadili maneno ya siri ya walimu wote, ukayaweka kichwani mwako peke yako, ukasema ni usalama. Kisha ukapanda basi kwenda kupokea tuzo ya mtaalamu bora, wiki ileile ya kuingiza alama za mtihani wa mwisho. Walimu walipokupigia, uliwajibuje? Sema. Au niseme mimi: "Msiguse kitu mpaka nirudi." Wazazi wamejaa uani, watoto wa watu wanakaribia kukosa nafasi kwenye shule walizoziomba, na wewe unapigwa picha! Maneno yaleyale ya mzee wa vitambaa, kwa sauti ileile! Miaka yote nikidhani nimemshinda, kumbe nilikuwa nimemzaa.

Usinikatize.

Aliyenijia ni huyu mkeo, mwalimu wa hesabu, analia, kompyuta mpakato ya shule kwapani. Nikamwambia weka hiyo kompyuta kitandani kwangu, nikamfungulia mfumo wa alama kwa neno langu la siri ambalo hukuweza kuligusa, kisha nikaficha mikono chini ya shuka. Alifuta orodha ya darasa zima, akanitukana kimoyomoyo, niliona midomo ikicheza, akaanza tena. Alama zikaingia kabla ya mfumo kufungwa. Asubuhi yake alikuwa amesimama mbele ya walimu, mikono nyuma, kila mmoja anajiwekea neno lake mwenyewe. Uliporudi na tuzo yako ukamfokea kwamba amekuaibisha. Usibishe, ulimfokea hapa hapa sebuleni, na kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Basi leo nimezungumza na mkuu wa shule. Nimemtaja mkeo, naye amekubali. Kaa chini! Nasema kaa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimekuchelea vya kutosha, sina tena muda wa kulia.

Sikilizeni maagizo. Jumatatu utaingia chumba kile pamoja na walimu wapya, uketi mstari wa mbele, mkeo akufundishe kufundisha. Hiyo tuzo kaitundike popote, ila isiwe humo. Nawe mkwe wangu, usimwonee haya kwa kuwa ni mumeo, wala usimlipize kwa kuwa alikufokea... Ngojeni. Maji. Kidogo tu, inatosha.

Binti yangu, uliyenilea kama mimi ndiye mtoto, Mungu akupe wa kukugeuza siku yako ikifika. Mkwe wangu, uende kazini na urudi na heshima yako yote. Nawe... sogea. Sogea, sikuumi. Umenuna vile vile ulivyokuwa ukinuna ukinyimwa maziwa. Nakupenda, mjinga wewe. Nilikupenda kabla sijaiona sura yako. Lakini watoto wa watu ni wengi, na wewe uko mmoja, na mama yako ni... ni mtu wa shule. Nimekubariki. Mkono wangu hauinuki, uchukue wewe, uuweke kichwani mwako. Hivyo.

Sasa nyanyuka, umpe mkeo kiti. Amesimama muda wote huu.