Mkono Ulionyooshwa Kwenye Mchoro wa Chaki Nyekundu

Mheshimiwa Meya, Bi Pélissier. Ndugu Mkurugenzi wa makumbusho yetu. Wazee wangu wa mtaa wa waoka mikate. Ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Najua mvinyo unapata joto. Namwona Mheshimiwa Meya akiibia macho saa yake, na mimi macho yangu hayatulii, yanakimbilia mlango ule wa nyuma.

Chini ya kitambaa hiki kuna mchoro wa chaki nyekundu, wa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, ambao baba yangu, Mzee Honorat, anaukabidhi mji leo. Kitambaa kinaukinga na mwanga. Utaonyeshwa majira haya tu, kisha utapumzishwa gizani miaka kadhaa, na baba yangu anakaribia tisini. Mnanielewa?

Ulining'inia juu ya meza yetu ya chakula. Ndani yake baba mmoja yuko kitandani, hoi, binti analia, kijana aliyetoroka nyumbani amerudi, amekwama mlangoni. Na yule baba amenyoosha mkono. Kaka yangu Thibault alikuwa akisema, "Si mnaona? Anamfukuza!" Mama, Mungu amrehemu, alimjibu, "Wewe kunywa supu yako. Anamwita." Kila Jumapili ubishi ni huohuo.

Ni chini ya mchoro huo, siku ya Krismasi, Thibault aliposema hataki kurithi tanuri la mikate, na baba akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Mkono ule haukuwa na ubishi. Thibault hajarudi tangu hapo.

Jana nilimpigia simu. Akasema, "Dada, nitaona." Leo asubuhi baba naye: "Solange, kitambaa hakifunuliwi mpaka yule mkaidi afike." Nikamuuliza, asipofika je? "Basi wewe endelea kuhutubia."

Ndiyo maana nahutubia! Mnadhani napenda? Naogopa, ndugu zangu. Basi niwashukuru fundi wa fremu, mlinzi, akina mama waliooka vitumbua vya jibini, na... na mlinzi tena.

Mlango umefunguka.

Msigeuke, tafadhali, mtamtisha. Thibault, mbona umeganda hapo na koti lako limelowa? Tazama huku mbele. Baba ameinuka kitini, amenyoosha mkono. Mama alikuwa sahihi, kaka. Anakuita.

Ndugu wageni, asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunivumilia. Sasa mpisheni apite.